Panda Twende

Asubuhi ya kwanza dereva alimlaumu mdogo wake, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, na kwa sababu alikuwa amezoea. Skuta ilikuwa kwenye korido palepale ilipolala, mlango wa mbele umekomewa, lakini vikanyagio vya abiria vilikuwa vimeteremshwa, kimoja huku na kimoja huku, kana kwamba mtu amekaa nyuma anasubiri safari. Yeye hakuwa mtu wa kuacha vikanyagio chini. Korido ilikuwa nyembamba, na ukipita gizani kwenda chooni chuma kile kinakukwangua ugoko, kwa hiyo kila usiku kabla ya kuzima taa alivikunja kwa ncha ya kiatu, hata akiwa anasinzia.

"Umekalia skuta yangu usiku?" alimuuliza mdogo wake.

"Nikalie skuta ya nini, Dada? Mimi nililala kama gogo."

"Basi imejikalia yenyewe."

Akavikunja, akatoka zake. Mchana kazi yake ilikuwa kupeleka dawa majumbani kwa wagonjwa, na siku hiyo nzima skuta ilikuwa nzito. Kila kilima ilihema. Fundi akapima upepo wa magurudumu, akasema uko sawa. Akabonyeza siti, akasema springi hazina neno. Mwishowe akamtazama dereva mwenyewe kiunoni, kwa namna iliyomfanya aondoke bila kuaga.

Mdogo wake huyo mtaa mzima ulimwita Flashi, jina la kumchokoza, maana alikuwa mpiga picha asiyewasha flashi hata siku moja. Alipiga picha za mji wa kale usiku: vichochoro, ngazi zilizolika, nyumba zilizofungwa tangu babu zao hawajazaliwa. Dada yake ndiye aliyemzungusha kwa skuta, kwa kuwa kichochoro chenyewe hakipitishi gari, na kwa kuwa Flashi alipowahi kuachiwa usukani aliugonga ukuta wa watu. Kila mahali alisimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, akaiacha wazi gizani muda mrefu, na dereva akaigeuza skuta polepole ili taa ya mbele ipite juu ya kuta kama brashi ya mpaka rangi.

Kwa upigaji wa namna hiyo, kinachotembea hakibaki. Paka akikatiza, hayumo. Mlevi akipita anayumba, hayumo. Hubaki kuta na milango na chochote kile kilichosimama bila kutikisika. Mara nyingine Flashi alitaka mtu kwenye picha, ili ukubwa wa mlango uonekane, na hapo dereva aliiegesha skuta taa ikiwaka, akaenda kusimama mlangoni. Flashi alisema maneno yaleyale kila siku, macho yake kwenye kamera: "Simama hapo, usitikisike." Picha ikiisha alisema: "Basi, panda twende." Wala hakuinua kichwa kuona anaambiwa nani. Hilo lilimuudhi dada yake kuliko kelele zake zote, kuzungumzishwa kama kiti.

Usiku ule, wa kabla ya vikanyagio, walikuwa mbele ya nyumba ya ghorofa mbili nyuma ya soko la zamani. Mlango wake ulikuwa wazi, na ndani yake kweusi. Ulitoka ubaridi mlangoni, na harufu ya chokaa mbichi, kana kwamba mtu alikuwa ametoka kupaka ukuta sasa hivi katika nyumba isiyo na mtu. Dereva alichoka, na walikuwa wamegombana njia nzima juu ya nani atalipia mafuta. Akaona liwalo na liwe, hashuki. Akabaki juu ya skuta, mikono kwenye usukani, taa ikimulika ukuta.

"Simama hapo," Flashi alisema, ameinamia kamera yake, "usitikisike."

Dereva alidhani anasemeshwa yeye na skuta yake. Akatulia.

"Basi. Panda twende."

Flashi akafunga stendi, akapanda nyuma, na skuta ikazama kwa uzito wake. Kisha ikazama tena kidogo. Dereva alidhani anaweka begi la kamera vizuri. Wakarudi nyumbani hawasemeshani.

Jioni iliyofuata Flashi alimwita kwenye kompyuta, uso unang'aa.

"Dada, leo nakupa sifa zako. Umesimama kama nguzo. Tazama, hata unywele haukucheza."

Dereva akatazama. Mlangoni alikuwapo mtu, kwa haraka ungedhani ni yeye, ila mrefu hadi kwenye kizingiti cha juu, mikono pembeni, uso umeelekea kamera. Kila kitu chake kilionekana wazi, mikunjo ya nguo, hata kope.

"Mimi sikushuka kwenye skuta," alisema.

"Acha utani."

"Flashi. Sikushuka."

Flashi akasogeza kiti mbele, akaikuza picha ile. Binadamu anapumua, hata akijikaza vipi, kifua kinacheza, na picha ya namna ile humwonyesha ana ukungu ukungu. Huyu hakuwa na ukungu popote. Dereva alingoja mdogo wake aogope. Badala yake aliona anatabasamu.

"Hii ndiyo itakayokaa ukuta mkubwa kwenye maonyesho," Flashi alisema.

"Ifute."

"Dada."

"Ifute sasa hivi, mbele yangu."

Akabonyeza hiki na kile, picha ikaondoka kwenye kioo, na dereva, ambaye kompyuta hazijui, akaridhika. Kwa hilo alikuja kujilaumu baadaye, ingawa si kwa kiasi alichomlaumu Flashi.

Nyumba ilikuwa na mtu wa tatu, binti wa dereva, mtoto wa shule ambaye hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Chiriku. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea usingizini, na hakukaa kitini bila kuning'iniza miguu na kuichezesha. Mama yake alishasema mara nyingi kwamba angelipa chochote apate dakika moja ya utulivu. Mtu husema maneno mengi akiwa amechoka.

Ilianza kwenye chakula cha usiku.

"Mama, leo mwalimu kasema," Chiriku alianza, kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni, na hapo akakoma. Kijiko kikabaki hewani. Mchuzi ukadondoka kutoka kwenye kijiko, tone moja moja, juu ya sketi yake. Miguu chini ya meza ilikuwa imenyooka, imetulia.

"Mwalimu kasema nini?" mama yake aliuliza.

Kimya.

"Chiriku, usinifanyie mchezo, chakula kinapoa."

"Kasema tulete kalamu za rangi," Chiriku alimalizia, akala, miguu ikaanza kucheza, wala hakujua kwamba alikuwa ameondoka.

Kesho yake ilimtokea akifunga kamba za viatu. Kisha shuleni, kwenye foleni ya maji, watoto wenzake wakicheka wakidhani anaigiza sanamu. Kila mara ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia. Mama yake aliweka kiganja mbele ya pua ya mtoto na hakuhisi pumzi. Alijua kuhesabu, hata kama hakutaka. Ikiendelea kurefuka hivyo, ingefika siku mtoto asimame na asirudi tena.

Daktari aliwapa karatasi ya vipimo na miadi ya mbali. Na kila usiku, korido ikiwa giza, springi za skuta zililia. Mlio mdogo wa mtu anapopanda. Kimya. Mlio wa mtu anaposhuka. Dereva alilala macho yake darini, akajiambia ni panya, huku akijua kwamba panya wa uzito ule hayupo duniani.

Usiku alioacha kujidanganya, aliamka akaona kitanda cha mtoto kitupu, akainuka bila viatu na kupapasa ukuta wa korido akitafuta swichi, na kila alipopeleka mkono ukuta ulikuwa umelowa, na harufu ya chokaa mbichi ilikuwa nzito hata alihisi anaitafuna, na springi zilikuwa zimenyamaza, jambo lililomtisha kuliko mlio wenyewe, na vidole vyake vilipoipata swichi na taa ikawaka, alimwona mwanawe kwenye mlango wa jikoni, mikono pembeni, kidevu juu, macho wazi yanamtazama bila kumwona, amesimama vilevile alivyokuwa akisimama yeye mwenyewe kwenye milango ya mji wa kale. Siti ya skuta ilikuwa imebonyea. Hapakuwa na mtu juu yake.

Alimkumbatia mtoto. Alikuwa baridi, mgumu kama ubao. Alimsugua mgongo, alimwita, alimsihi, alikaa naye sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi, na ndipo Chiriku alipopepesa macho.

"Mama, unanibana."

"Nani alikuleta hapa?"

"Kaniambia nisimame, nisitikisike."

"Nani? Mjomba?"

"Siyo mjomba," Chiriku alinong'ona, akaficha uso shingoni mwa mama yake. "Yule wa kwenye skuta. Anasema na yeye aliambiwa hivyohivyo."

Dereva alimlaza mtoto, akafungua mlango wa chumba cha Flashi kwa teke, akavuta shuka.

"Amka."

"Dada, saa ngapi hizi?"

"Amka kabla sijakumwagia ndoo ya maji. Siku ile nyuma ya soko ulimwambia nani apande?"

Flashi akajifikicha macho. "Si wewe?"

"Mimi nilikuwa nimeshapanda. Nilikuwa nimekaa juu ya skuta muda wote, tena umbali wa mkono, ila wewe huna macho ya kutazama watu, una macho ya kutazama kamera." Alikuwa akiongea chini chini ili asimwamshe mtoto, na hasira ile iliyokosa pa kutokea ilimtoa machozi. "Umeniletea kitu ndani ya nyumba yangu. Kimemshika mwanangu. Na wewe unakoroma."

Flashi akainuka, akakaa ukingoni mwa kitanda. Kwa mara ya kwanza katika siku zote hizo, alionekana ameogopa.

Mganga waliyeelekezwa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye duka la magodoro. Aliwakalisha juu ya godoro lililokuwa bado ndani ya nailoni yake, akasikiliza mpaka mwisho, na kadiri alivyosikiliza ndivyo uso wake ulivyokunjamana.

"Mnataka nimfukuze," alisema. "Nimfukuze kwa kosa gani? Kakaa kwake. Mkaja na taa. Mkamwambia simama, kasimama. Mkamwambia panda, kapanda. Jini mtiifu kuliko wewe, kijana."

"Nini kinachomkuta mtoto?" dereva aliuliza.

"Huyo hajui kazi nyingine. Alichofundishwa ndicho anachomfundisha. Na mtoto ndiye mwepesi wa kusikia." Akamgeukia Flashi. "Kwa kuwa ni wewe uliyemwita, wewe ndiye utakayemrudisha. Usiku, kwa skuta hiyohiyo, njia hiyohiyo. Dada yako mbele, wewe nyuma kabisa, katikati mwacheni nafasi. Mkifika mlangoni utamwambia ashuke. Usimwombe. Mwambie."

"Sawa."

"Na picha?"

"Niliifuta," alisema Flashi, akitazama viatu vyake.

"Nzuri. Maana picha ile ni mlango. Mlango ukiwa mmoja, anarudi kwake. Ukimwekea wa pili, anakuwa na nyumba mbili, na mimi hapo msinifuate." Akasimama, mteja alikuwa anaingia. "Jambo la mwisho, na hili shikeni wote wawili. Hayo maneno ya kazi yenu mkayazike. Kuanzia leo ukimwita mtu, mtaje ni nani unayemwita. Usitupe mwaliko hewani, hujui nani ataudaka."

Usiku huo walimwacha Chiriku kwa jirani na kuitoa skuta barabarani. Dereva alikaa mbele kabisa, magoti yanagusa usukani. Flashi akajibanza nyuma, akishikilia chuma cha siti. Baina yao palibaki nafasi ya mtu. Walingoja, na wala hawakungoja sana, skuta ikazama.

Waliondoka, na dereva aliweka macho barabarani na kujiapiza kwamba hatatazama kioo cha pembeni, na ubaridi ukamwegemea mgongoni taratibu kama abiria aliyeanza kusinzia, na harufu ya chokaa ikampanda puani, na kila walipokata kona uzito ule haukulala upande kama mtu anavyolala, ulikaa wima, haukutikisika, hata skuta ikataka kuwaangusha, na kule nyuma alimsikia mdogo wake akilia kimyakimya kwa kwikwi za kitoto, sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu walipomzika mama yao, na pamoja na hofu yote iliyokuwa imemshika alihisi hasira safi, kali, iliyomsaidia kuongeza mwendo, kwa sababu alilia leo, leo ambapo kulia hakumsaidii mtu.

Nyumba ile ilikuwa ilivyokuwa, mlango wazi, weusi ndani. Flashi akafungua mdomo, sauti ikakataa.

"Sema," dada yake alimwambia. "Sema au nikuache naye hapa."

"Shuka," alisema Flashi. "Hukuitwa wewe. Shuka, rudi kwako."

Kwa muda hakikutokea kitu. Halafu springi zikalia, na skuta ikainuka, ikawa nyepesi mara moja hata dereva nusura aiangushe. Hawakungoja kuona mlangoni kuna nini.

Walipofika kwa jirani, Chiriku alikuwa akimsimulia jirani yule jambo refu lisilo kichwa wala miguu, huku akirukaruka juu ya kochi la watu. Dereva alikaa kwenye ngazi, akalia. Toka siku hiyo vikanyagio vilikaa kama alivyovikunja, kuta zikakauka, na mtoto hakuganda tena. Dereva aliacha kazi ya usiku. Kwa Flashi hakusema amesamehe, ila alimwekea chakula.

Zikapita wiki nyingi, maonyesho yakafika. Flashi alimsihi dada yake aje walau dakika chache, na Chiriku, aliyeachwa kwa jirani, akaahidi kwamba halali mpaka mama arudi amwambie picha zilikuwaje. Dereva alichelewa, kwa sababu mgonjwa wa mwisho aliishi mbali. Akaiegesha skuta mbele ya ukumbi, akaingia na helmeti mkononi.

Watu walikuwa wengi, wamevaa vizuri, wanazungumza kwa sauti za chini. Akapita kwenye picha za ngazi, za vichochoro, akajiona mwenyewe mdogo kwenye mlango mmoja, akatabasamu bila kupenda. Kisha akafika ukuta wa mwisho.

Picha ilijaza ukuta mzima. Nyumba ya ghorofa mbili, nyuma ya soko la zamani, na mlango wake wazi. Mlangoni, pale aliposimama yule, hapakuwa na mtu. Chini ya picha, kwenye kibao, jina la Flashi, na msichana wa mapokezi alikuwa akimwambia mgeni mmoja kwa furaha kwamba nakala zake zimeshachukuliwa zote, zimeenda hata miji ya mbali.

Flashi mwenyewe alisimama mbele ya picha, mgongo kwa watu, kikombe cha kahawa mkononi.

"Ulisema umeifuta," dada yake alimwambia.

Hakugeuka.

"Ulikaa mbele ya yule mama ukasema umeifuta. Mwanangu alikuwa anakatika pumzi na wewe ukasema umeifuta." Sauti ilipanda, na watu wakaanza kutazama, na hakujali. "Nilikubeba. Tangu mama afe nimekubeba, kwa skuta na bila skuta, nikakuvumilia uvivu wako na ubinafsi wako, nikasema ni mdogo wangu, atakua. Utakua lini? Nitazame ninaposema na wewe."

Akamzunguka aone uso wake. Kidevu kilikuwa juu. Macho yalikuwa wazi. Kahawa ile ilikuwa imefanya utando juu yake, na utando wenyewe haukutikisika, kwa kuwa mkono ulioishika haukutikisika. Dereva akapeleka kiganja mbele ya pua yake, akangoja.

"Amesimama hivyo tangu tulipofungua," alisema msichana wa mapokezi, anatabasamu. "Wasanii bwana."

Kilichomjaa dereva wakati huo hakikuwa hofu, maana hofu aliijua ladha yake. Ilikuwa hasira, ya miaka, iliyopanda kutoka tumboni na kufunika kila alichokuwa ameambiwa. Akampokonya kikombe. Akampiga kofi kifuani. Akamgeuzia mgongo, akaelekea mlangoni huku machozi yanamziba macho, na akasema kwa ukali kile ambacho yeye mwenyewe alikuwa ameambiwa usiku baada ya usiku, bila kutazama nyuma, bila kumtaja mtu:

"Basi. Panda twende."

Alikuwa ameshakaa kwenye skuta, ufunguo mkononi, aliposikia nyayo za kukimbia. Siti ikazama. Mikono aliyoijua ikamshika mabega, ya moto, inatetemeka, na mdogo wake akamlilia mgongoni.

"Nisamehe, Dada. Nisamehe. Twende nyumbani."

Dereva akashusha pumzi. Akamfikiria Chiriku, aliyekuwa macho kwa jirani, anahesabu kila skuta inayopita. Akaingiza ufunguo.

Skuta ikazama tena.

Mikono ya Flashi ilikuwa bado mabegani mwake, lakini sasa ilikuwa imenyooshwa kutoka mbali zaidi, kama ya mtu aliyesogezwa nyuma kupisha nafasi katikati. Harufu ya chokaa mbichi ikamjia shingoni.

"Dada," Flashi alinong'ona, "mbona hatuondoki?"

Hakumjibu. Alichomoa ufunguo, akaufumbata mpaka ukamuuma kiganjani. Yeye asipokwenda nyumbani, na hicho hakiendi. Akakaa palepale mbele ya ukumbi, hasira imemjaa hadi kooni, macho barabarani, hatikisiki.